Barua kwa wanangu wa gatini Amu (Lamu, Kenya): msifiche mgongo

Assalaam aleikum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mahamali wa gatini, manahodha wa maboti ya hoteli, mafundi wa Matondoni, vijana mnaokata boriti mikokoni, na nyinyi mnaopandisha mawe na saruji kule Shela kutoka alfajiri mpaka jua linawaka utosini. Mimi ni mzee wenu wa mtaa wa Langoni, wengi mnanijua, mkinipita pale uwanja wa Mkunguni mnanipa mkono na mnauliza mzee mgongo vipi leo, na mimi najibu alhamdulillah. Leo nataka kuwajibu kwa kirefu manake wiki iliyopita nlimuona mmoja wenu anashuka ngazi za gati na gunia la mchele, uso umemkunjamana, na mwenzake alipomuuliza akasema niko sawa tu. Neno hilo la niko sawa tu limenitia uchungu nikakosa usingizi, ni neno langu mimi.

Mwaka 2009 nlikuwa nahodha wa boti ya hoteli moja hapa kisiwani, hoteli yenyewe sitaitaja. Maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za chini zina mwani, na mimi nimebeba mtungi wa gesi begani kwa sababu kijana wa kubeba hakuja. Nikateleza. Sikuanguka chini, nlijishika, lakini kiuno kililia kha, nikaona giza. Manija alikuwa pale juu akauliza mzee vipi, nami nikamwambia niko sawa tu nimeteleza. Basi, yakaisha hapo. Usiku mama watoto akanikanda kwa mafuta ya ufuta, asubuhi nikarudi kazini, na kutoka siku hiyo kwa miaka minne nlikuwa najifunga kikoi cha zamani kiunoni kwa ndani, nakaza mpaka pumzi inakatika, halafu navaa shati la kazi juu yake mtu asione. Mguu wa kushoto ukaanza ganzi, nikafika mahali nikikanyaga sakafu ya boti sijui kama nimekanyaga au bado, na hapo nimebeba wageni na watoto wao.

Mwaka 2013 nikashindwa kuvuta nanga mbele ya watu. Nikaambiwa mzee nenda kapumzike ukipata nafuu utarudi. Niliporudi nikakuta mtu mwengine kwenye usukani, barua hakuna, kikao hakuna, na mimi nilivokuwa na haya nikashukuru nikaondoka. Nlikuwa na miaka 54.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nataka mjue kwamba hata kabla ya hicho kifo kuna ofisi, na ofisini wanauliza tarehe. Nlipokwenda kuuliza habari ya fidia ya ajali, afisa, mtu mpole wala hakunitusi, aliniuliza mambo matatu. Uliumia lini, ulimwambia nani, daktari gani alikuandikia. Nikamtazama tu. Manake daktari sikwenda, mtu sikumwambia, na miaka minne imepita. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ile ya mwaka 2007 wanaiita WIBA, inataka dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na mwajiri akishaambiwa ana siku 7 za kuripoti kwa wakubwa wa usalama kazini. Mtu akilemaa kabisa moja kwa moja fidia yake ni mshahara wa miezi 96, akilemaa sehemu anapata sehemu kulingana na kiungo na kiasi. Miezi 96 wanangu, ni miaka minane ya mshahara. Sisemi mimi ningelipwa yote hiyo, yangu ingepimwa kwa asilimia zake, lakini hata mlango sikuufikia, niliufunga mwenyewe pale ngazini.

Kwa hivo ukiumia, hata kama ni kuteleza, sema siku hiyo hiyo, sema mbele ya mtu, na ukiweza tuma meseji kwa bosi au kwa msimamizi, "leo saa nne nimeumia kiuno nikishusha mzigo", meseji ina tarehe na saa yake haihitaji shahidi. Halafu nenda hospitali uandikwe. Usiende kukandwa kwanza. Kukandwa ni kuzuri na mimi nakandwa mpaka leo ila mkandaji hana stampu.

Sasa NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii tunaokatwa mshaharani, hapa ndipo wengi mnapolala. Ile pesa si ya uzeeni peke yake. Wengi hawajui kwamba mtu akiwa hawezi kazi tena kwa ugonjwa au ulemavu wa kudumu, na daktari akathibitisha, kuna malipo ya ulemavu, hangoji miaka 60. Mimi nlipata kwa njia hiyo, lakini sikilizeni nlivopata. Karani aliligeuza lile dirisha la kompyuta nione mwenyewe, nikaona miezi imepangwa, mwengine una pesa, mwengine mtupu, mtupu, mtupu, mpaka mwaka mzima mtupu. Na mimi kila mwezi nlikuwa nakatwa shilingi 200, enzi zile ilikuwa 200 zangu na 200 za mwajiri. Nikarudi nyumbani nimekauka koo. Mama watoto hakusema kitu, akainama chini ya kitanda akatoa bati la biskuti lile la duara, ndani mna peslipu zangu amezikunja nne nne amezifunga kwa uzi wa kushonea kofia, miaka yote, mimi nlikuwa nikizitupa mezani yeye anaziokota. Tulizipeleka, tukafuatilia karibu mwaka, baadhi ya miezi ikalipwa na baadhi haikulipwa mpaka leo. Pesa iliyotoka iliezeka upande mmoja wa nyumba na kulipa deni la duka. Bila lile bati hata hiyo isingetoka.

Siku hizi sheria ya NSSF ni ile ya 2013 ambayo ilianza kutumika kwa kweli Februari 2023, na mchango si 200 tena. Unakatwa asilimia 6 na mwajiri anatia asilimia 6 yake. Kijana wa mshahara wa 15,000 anakatwa 900, mwajiri anaongeza 900, jumla 1,800 kwa mwezi. Nasikia mnalalamika makato makubwa na kweli ni makubwa, lakini la kulalamikia kwanza ni kama zimefika. Usingoje uwe na miaka 54 na mguu wa ganzi ndio ukaulize, nenda Huduma Senta, ile ofisi ya huduma za serikali, au angalia kwa simu kila baada ya miezi michache, na ukiona mwezi mtupu uliza mwezi huo huo wakati bado una nguvu na bado uko kazini.

Mtaniambia mzee sisi vibarua hatuna peslipu. Nawasikia. Kwanza, kibarua anaefanya kazi mfululizo ikafika jumla ya mwezi mmoja, sheria ya ajira ya 2007 haimuhesabu tena kama kibarua wa siku, ana haki za muajiriwa, na akishafika miezi miwili ana haki ya likizo ya ugonjwa, siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyengine nusu mshahara kwa mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Ni chache, najua, kwa mtu wa mgongo siku 14 si kitu. Lakini ni zako. Pili, wengi mnalipwa kwa M-Pesa, msifute zile meseji. Hizo ndizo peslipu zenu. Na wewe hamali usie na bosi kabisa unaweza kuchangia mwenyewe, kuna mpango wanauita Haba Haba, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Najua kuna siku hata hiyo 25 haipatikani. Basi weka siku ya meli.

Jambo jengine linalowachanganya watu ni kadi ya ulemavu. Kadi ya ulemavu si pensheni. Nimeona watu wanahangaika mwaka mzima kuitafuta wakidhani ikitoka na pesa inatoka. Ile inatolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya madaktari kukupima, na ina faida zake, dada zangu walimu na wauguzi mlioko serikalini ukisajiliwa na ulemavu unastaafu miaka 65 badala ya 60, na kuna nafuu ya ushuru. Inua Jamii, ule msaada wa serikali, nayo ni nyengine, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ya wazee waliofika 70 na ya nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali sana. Ajali kazini ni mlango wake, NSSF mlango wake, kadi mlango wake, na kila mlango una fomu yake ya daktari. Ukichukua karatasi ya mlango huu ukaipeleka kule utarudishwa, utakasirika, utaacha. Wengi waliacha hapo.

Na hili nataka mlishike zaidi, manake ndilo lililoniumiza mimi kuliko kiuno. Daktari akisema huwezi kubeba hajasema huwezi kazi. Mimi nlidhani nikisema ninaumwa ntafukuzwa, nikaficha, nikajiharibu mpaka nikawa kweli sifai hata kukaa kwenye boti saa moja. Ningesema mapema huenda ningewekwa stoo ya injini, nlikuwa najua injini zote zile kwa sauti tu. Kule Matondoni yuko fundi magoti yamemfia, hawezi kupanda kwenye ubavu wa jahazi tena, wenzake wamemtengenezea kigoda kifupi anakaa kivulini anatia kalafati, pamba na mafuta, mbao kwa mbao, na nakwambia hakuna jahazi lake linalovuja. Hakuficha. Aliwaambia siku ya kwanza goti lilipokataa.

Na mwajiri akitaka kukuondoa kwa sababu ya afya, sheria inamlazimu akuite, akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama pembeni yako. Siku wakikuambia kapumzike mzee, uliza, napumzika kwa barua au kwa mdomo? Uliza kwa adabu. Lakini uliza.

Ugonjwa wa sukari nao umeingia kwa kasi mjini na vijana wa boriti nyinyi ndio nawaogopea, mnaingia kwenye matope ya mikoko miguu mitupu. Kijana mmoja alikatwa na gamba la chaza chini ya kidole, hakusikia maumivu, akafurahi hakusikia maumivu! Ile kutosikia ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, sukari ilishaua fahamu za mguu na yeye hajawahi kupimwa. Kidonda kikala siku, kikala wiki, amekatwa vidole viwili. Ana miaka 31. Pimeni sukari, pimeni presha, kidole kinadungwa mara moja tu. Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, lipeni, sitarefusha hapo.

Nyinyi wake zetu na mama zetu mnaosoma hii, mume akianza kushuka kitandani kwa kujishika ukuta mwandikieni tarehe, hata nyuma ya kalenda. Na wekeni bati.

Huyo kijana wa vidole nimemwambia Jumatatu tunakwenda naye hospitali akapimwe aandikiwe vizuri, kila karatasi kwa mlango wake. Alikuwa anakazana kurudi mikokoni. Mwengine yoyote aliye na lake anifuate baada ya alasiri, nakaa pale pale Mkunguni upande wa ukuta wa ngome, aje na peslipu alizonazo au simu yake tu yenye zile meseji, tutakaa tuzisome moja moja. Na wewe uliyeshuka ngazi na gunia la mchele, nimeshakujua, usingoje nikuite.

Mzee wenu wa Langoni, Amu