Dakika tano zako ni za gari

Mdogo wangu wa Dar,

Nimesoma ulichoandika kwenye grupu la ukoo, kwamba nyumba ya Moshono, hapa Arusha, unayotaka tumpangie Mama, naikataa kwa ubishi tu wa dada mkubwa. Kwa kuwa ulinisema mbele ya shangazi na mashemeji, nami nakujibu hapa mbele za watu. Jina lako nimelisitiri.

Nyumba ni nzuri, hapo hatuna ugomvi. Vigae, ukuta, geti jeusi, na nafasi ya kuegesha magari mawili. Mama ataegesha nini pale, ndoo? Tangu Baba atutoke na ile pikapu ikauzwa, usafiri wa Mama ni miguu yake na kifodi (ninyi endeleeni kuita daladala), na magoti yake unayajua.

Uliniambia ni dakika tano tu kutoka kwenye lami. Ulizipima mwezi wa kwanza, umekaa kwenye gari, vumbi limetulia. Mimi nilikwenda na Mama mwezi wa nne, masika yamekolea, kwa miguu. Tulitumia dakika 38. Alisimama mara nne. Mara ya tatu alijifanya anasifia mahindi ya watu, nami nikajifanya nimeamini.

Ukasema boda zipo kila kona. Zipo mchana, tena jua likiwaka. Mvua ikinyesha hakuna anayeshuka kwenye lile tope, na akipatikana, nauli anataja anayotaka. Halafu mfikirie mama wa miaka 71 kakaa upande na kitenge chake, mkono mmoja kashika mkoba wa dawa. Wifi alishauri aite usafiri kwa programu ya simu. Mwambie simu ya Mama ni kitochi.

Nimezunguka wiki sita na madalali watatu, kila mmoja na hela yake ya kuonyesha nyumba, na wote wimbo wao ni mmoja: "Hapa pametulia, mama." Siku hizi kabla sijauliza kodi namuuliza mangi wa duka la karibu kuna nini Jumamosi usiku, kisha narudi mwenyewe. Kuna nyumba ya Kimandolu nilitaka kuilipia palepale Jumanne. Jumamosi saa tano usiku nikakuta baa ya nyuma imefungulia spika mpaka mabati yanatetemeka. Nyingine ilipakana na fundi wa mageti, na grainda inaanza saa moja asubuhi.

Kimandolu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru iwe ya njia nne, magari ya kwenda mjini yanapita upande mmoja na ya kurudi upande wa pili. Kwa hiyo upange kushoto au kulia, safari moja kati ya mbili lazima uvuke. Sisi tunakimbia. Mama hawezi kukimbia, na malori ya mpakani Holili hayana subira na bibi.

Sekei niliipenda kuliko zote. Ukishuka tu, Mount Meru hospitali hiyo hapo, na kliniki yake ya presha ni kila mwezi. Wazee wa kuanzia miaka 60 wana dirisha lao, hapangi foleni na vijana, ila dirisha halimfuati nyumbani. Sasa Sekei kushuka ni raha, kupanda ndiyo mtihani. Mama alitazama ule mlima akasema, "Hapa nitakuwa nashuka hospitali na kubaki hukohuko." Tukacheka, tukaondoka.

Aliyenifungua macho ni konda mmoja. Nilidhani nyumba ya mwisho wa gari ndiyo bora: gari linakuja tupu, linasubiri kujaa, mzee anachagua siti. Akasema, "Asubuhi ni kweli dada, lakini jioni tunakatisha ruti." Abiria wakipungua gari linageuzia njiani, na wa mwisho anateremshwa gizani amalizie kwa miguu. Katikati ya njia nako utapitwa na magari matatu yaliyojaa hadi mlangoni. Kwa hiyo natafuta kabla kidogo ya mwisho: asubuhi siti bado zipo, jioni gari bado linafika. Tena iwe nyumba ya uchochoro wa pili au wa tatu kutoka barabarani, wapiga debe wabaki na barabara yao.

Nimeipata, Kijenge. Vyumba viwili, jiko, kibaraza cha kuotea jua mwezi wa saba baridi ikibana. Hadi kituoni ni dakika saba kwa mwendo wa Mama, tambarare, na njiani kuna jiwe la kukalia. Gari moja hadi mjini, kisha bajaji hadi hospitali. Maji yapo, LUKU ni yake peke yake. Nimekwenda Jumamosi usiku, nimekwenda Jumapili asubuhi. Kanisa lina spika, lakini ndilo atakalosali ibada ya kwanza, kwa hiyo kelele hizo ni zake. Jirani ana watoto wanne wenye fujo. Nilipomuuliza Mama kama watamsumbua, akasema kule Moshono kwako aliogopa kuanguka siku ya Jumatatu akaokotwa Alhamisi, siku kikundi chake cha VICOBA kinapogundua jana yake hakuja.

Vigae hakuna, ni sakafu ya saruji. Geti ni la mabati.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na atanishikia hadi Ijumaa. Dalali mwezi mmoja wake nimeshamlipa, hilo usinirudishie. Ukija Desemba, gari liegeshe kwangu. Mama anataka mwende wote Kilombero sokoni kwa kifodi, na amesema siti ya dirishani ni yake.

Dada yako