Kabla hujarudi kwa daktari

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata. Umeambiwa una presha, ukapewa dawa za aina mbili, na ulipofika nyumbani ndipo ukagundua hujui ipi ni ya nini wala utazimeza mpaka lini. Halafu unaniuliza kama ni utovu wa adabu kumjazia daktari maswali utakaporudi. Hata kidogo! Chama cha Madaktari Duniani chenyewe kilikutana Lisbon mwaka 1981 kikatoa tamko la haki za mgonjwa, na tangu liliporekebishwa mwaka 1995 ndani yake imo haki ya kuelezwa hali yako, pamoja na haki ya kwenda kwa daktari mwingine kutaka maoni yake. Walioandika hayo ni madaktari, si wagonjwa wakorofi.

Ila unasema unakesha kwenye simu ukisoma habari za presha. Shoga, punguza. Presha daktari anaijua kuliko mimi na wewe. Asichokijua ni wewe: unameza nini, unalala vipi, nani kwenu aliwahi kupooza au kuugua figo. Hayo asipoyasikia kwako hatayasikia kokote, na ndiyo ya kukesha nayo.

Kwa hiyo shika kalamu uandike dawa zako zote. Zote, pamoja na vitamini, mitishamba, na zile unazojinunulia bila cheti. Andika jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Nakusisitizia kwa sababu nakujua wewe na mgongo wako. Ile ibuprofeni unayoibugia kila ukiumwa inaweza kupandisha presha, na ikikutana na baadhi ya dawa za presha inaweza kuzidhuru figo. Daktari asiyejua atakuongezea dozi, kumbe mchawi yumo mkobani mwako. (Na paracetamol nayo imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua; mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa siku, na ni rahisi kupita bila kujua.)

Halafu, hivi ulipimwaje? Unaniambia ulipanda ngazi huku ukigombana na mtu kwenye simu, ukafika, ukafungwa ule mkanda mkononi papo hapo. Presha inatakiwa ipimwe ukiwa umekaa kimya kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa juu ya kitu usawa wa moyo, haja ndogo umeshamaliza. Kahawa na sigara ziwe zimekaa mbali nawe kwa nusu saa. Na kwa kawaida haitoshi kipimo kimoja cha siku moja, isipokuwa iwe imepanda mno. Sisemi huna presha, na dawa usiache kabla hujaongea naye. Nasema mwambie: "Daktari, siku ile nilikuja mbio, naomba tupime tena." Kama una mashine nyumbani, pima asubuhi na jioni, andika tarehe na namba zote mbili, ya juu na ya chini, umpelekee karatasi.

Ukishaingia, anza na lililo zito. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliorekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa: kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Na sisi tunavyojua kuzunguka! Tunaanza na mafua, lile la aibu tunalitoa tukiwa tumeshasimama kuaga.

Kila dawa iulizie kazi yake, utajuaje kwamba inafanya kazi, dalili gani ikitokea urudi haraka, na ukisahau kumeza ufanyeje. Kisha mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo hii naimeza asubuhi, na hii..." Ukikosea, atakusahihisha palepale.

Akikwambia dawa fulani inapunguza hatari kwa nusu, usitoke na hiyo nusu peke yake. Uliza, nusu ya ngapi? Watu 20 katika 100 wakishuka kuwa 10, ni nusu. Watu 2 katika 1,000 wakishuka kuwa 1, nayo ni nusu. Mimi ya kwanza ningeimeza bila kubisha. Ya pili ningetaka kwanza kusikia madhara yake, na nisipoimeza itakuwaje. Madaktari wengi hulifurahia swali hilo, na asiyelifurahia bado anapaswa kulijibu.

Nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza, lakini tafadhali asiwe dada yako mkubwa. Utaulizwa umri wako atajibu yeye.

Na hivyo vipimo vya damu ulivyosema umetolewa, omba nakala. "Viko sawa" ni jibu zuri kwa leo, ila mwakani mkitaka kujua figo zimeendaje mtahitaji namba za kulinganisha. Ukishazipata nipigie picha unitumie, na hayo majina ya dawa pia. Nataka hasa kujua amesema nini kuhusu ibuprofeni.

Wasalimie wote.

Wako,
Mwanaidi