Ripota akiandika riwaya msimwite mtoro

Mhariri,

Salamu kutoka huku Jinja. Ile makala yenu ya ripota wa zamani ambaye siku hizi anavuma kwa riwaya nimeisoma yote na nimeipenda, ila kuna kitu kimenikera acha niseme. Mmeandika kama vile gazeti lilimfunga miaka yote alafu siku moja kipaji kikaja kumtoa. Hapana bwana, gazeti ndo lilimfundisha.

Mtazameni Michael Connelly wa Marekani, mwandishi wa riwaya za upelelezi. Alikuwa ripota wa mambo ya polisi, kwanza Florida baadaye Los Angeles Times, kazi yake kufuatana na askari na kusikiliza wanavoongea. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1992 na ndani yake mna tukio la kweli, wezi waliochimba handaki mpaka ndani ya benki hukohuko Los Angeles. Ikapata tuzo ya Edgar ya riwaya za uhalifu, ile wanayompa mwandishi mpya. Na hakuaga ofisini siku hiyohiyo, alikaa kazini bado kwanza. Leo vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya milioni 80.

Lakini kwani lazima twende mpaka Marekani? Mohamed Said Abdulla wa Unguja alianza kama bwana afya, 1948 akaingia kwenye uhariri, gazeti la Zanzibari. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 na hapo ndo tukampata mpelelezi Bwana MSA na kiko chake, mwenzake Najum pembeni anauliza maswali. Sasa huyo mzee aliacha magazeti? Wapi! Alihariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968.

Ripota anaandika kila siku, apende asipende, na neno la ziada linakatwa. Alafu anaona vitu. Kaeni asubuhi moja tu pale mahakama ya Buganda Road, Kampala, kesi zinaitwa moja baada ya nyingine, mtu kizimbani hajui mikono aiweke wapi, mama yake amekaa nyuma anamtazama hakimu tu wala hamtazami mtoto, wakili ndo kwanza anaingia anahema, na kesho gazeti litasema kesi imeahirishwa. Basi. Ya yule mama hayaingii kwenye habari, yanabaki kwenye daftari la ripota, na riwaya inatoka humo.

Shida ya huku kwetu ni kwamba maripota wengi wa wilayani wanalipwa kwa stori iliyotoka, stori isipotoka hakuna pesa, sasa mtu kama huyo usiku akae anaandika sura ya tatu kwa nguvu gani? Na wachache wanaojaribu wanaandika Kiingereza au Luganda. Kiswahili tunawaachia wanajeshi na madereva wa malori pale mpakani Malaba, ingawa baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022 na likataka kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya, watoto wakishajua watasoma nini? Mimi kila nikiulizia riwaya ya Kiswahili madukani naonyeshwa kamusi, sijui wananionaje.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Kila Jumamosi toeni sura moja ya hadithi ya mfululizo, iandikwe na maripota wenu wenyewe, na muwalipe kama mnavyolipa stori ya ukurasa wa mbele, sio ile ya "tutaangalia baadaye". Kama nafasi hamna, zile kurasa za mpira wa Uingereza ni nyingi mno, punguzeni nusu ukurasa tu. Watu wa mikeka ya kubeti watalalamika wiki mbili watazoea.

Msomaji wenu,
Jinja, Uganda