Pointi 800 za Fundi

Kirumba, Mwanza

Mtani,

Habari za Dar na joto lake? Huku hatujambo, mvua tu zinatufukuza kijiweni. Umenyamaza mno, ila hilo tutagombana siku nyingine. Leo nina shida, na shida yenyewe ni Fundi.

Lile daftari la sataranji ninaloandikia pointi za Elo, zile za kupima nani mkali kuliko nani, limezua balaa. Jumamosi Fundi kashinda mechi zote, hakutoa hata sare. Halafu kachungulia jedwali la FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kwenye simu: ukishinda asilimia 100, kiwango chako cha shindano, yaani ulivyocheza shindano hilo tu, ni wastani wa pointi za wapinzani jumlisha 800. Wote niliwaanzishia 1500, kwa hiyo anataka nimwandike 2300, tena kwa wino. Ameshawatangazia mpaka akina mama wa dagaa pale Mwaloni.

Nimemweleza hadi koo limekauka. Hiyo 800 ni kikomo kilichowekwa tu, maana kwa mtu asiyeangusha hata nusu pointi hesabu haina mwisho. Nikamtolea mfano wa Caruana, mmoja wa vigogo wa sataranji duniani. Kwenye shindano la Sinquefield Cup la 2014, St. Louis, Marekani, alishinda mechi 7 mfululizo, akamaliza na 8.5 kati ya 10. Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, alimfuata kwa mbali na 5.5. Kiwango cha Caruana kwa shindano lile kilikaribia 3100, lakini pointi zake zenyewe kileleni zilikuwa 2844! Kwa wakubwa wale, ukimfunga mtu wa pointi sawa na zako unaongezewa 5 tu.

Fundi akajibu, "Huyo Caruana hajacheza na mimi."

Mwalimu naye, badala ya kunisaidia, akachomekea ubishi wake wa siku zote: Carlsen 2882 mwaka 2014, Fischer, bingwa wa zamani, 2785 mwaka 1972, basi Carlsen zaidi. Unamjua. Nikamwambia pointi si kilo. Mizani ya samaki inakupa kilo, na kilo ya zamani ndiyo ya leo. Elo inapima pengo kati yako na unaocheza nao. Mwaka ule wa 1972, Spassky aliyemfuata Fischer kwa pointi alikuwa na 2660, pengo la 125! Hilo ndilo la kushangaa.

Na ya Fundi ni hayo hayo. 1500 ya Kirumba nimeitunga mimi, na nusu ya aliowafunga ni wale vijana wa bodaboda waliojifunza juzi. Hiyo 2300 ni ya nani sasa?

Mtani, ile faili yako ya Excel ya kukokotoa pointi bado unayo? Unaweza kunitumia kabla ya Jumamosi? Wachezaji wapya, nikikokotoa pointi za kuwaongezea au kuwapunguzia baada ya mechi, nizidishe kwa 40 kama FIDE, au 20 inatosha? Vijana wa bodaboda niwashushe, au niache mechi ziwashushe zenyewe? Na lini unakuja? Fundi ndiye anayeuliza. Anasema bado pointi zako hajazichukua.

Wako,
mwenye daftari