Upasuaji au kuacha wanga? Namna tunavyolipima swali hili na wateja wetu

Meseji nyingi tunazopokea zinafanana na hii: "Habari za jioni, nina kilo 96, nimechoka. Nikapunguze utumbo au nianze ile diet ya kuacha ugali?" Mwandishi wa meseji ya namna hii mara nyingi ameshapita kwenye chai za kusafisha tumbo, mikanda ya kutoa jasho na gym ya miezi miwili, na sasa anataka ajibiwe kwa neno moja. Sisi ni ofisi ndogo ya ushauri wa lishe hapa Sinza. Hatupasui mtu wala hatuuzi vidonge, kwa hiyo hatuna la kupoteza tukimwambia mtu ukweli. Na ukweli ni kwamba usipime njia hizi mbili, upasuaji wa kupunguza uzito na kupunguza wanga, kwa kilo utakazopoteza miezi mitatu ya mwanzo. Jiulize ni maisha gani kati ya haya mawili utakuwa bado unayaweza mwaka wa tano.

Kabla ya hapo kuna hesabu ndogo. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe uzito wako kwa jibu hilo. Mtu wa mita 1.60 anapata 2.56. Akiwa na kilo 96, BMI yake, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ni 37.5. Akiwa na kilo 78, ni 30.5 hivi. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kiwango cha upasuaji kuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha viwango hivyo: kuanzia 35 hata kama huna ugonjwa, na kuanzia 30 kama una kisukari aina ya pili. Kwa hiyo dada wa kilo 96 ana haki kabisa ya kuulizia upasuaji, na anayemcheka kwamba "ni uvivu tu" hajui anachosema. Lakini yule wa kilo 78, sukari na presha yake ziko sawa, anayetaka gauni la send-off limkae vizuri mwezi wa sita, huyo tunamwambia mapema kwamba kisu si chake.

Tukizungumzia kilo peke yake, hakuna ubishi: upasuaji unashinda. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliofuatilia zaidi ya watu 46,000 ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja waliofanyiwa baipasi (upasuaji unaokipitisha chakula njia ya mkato) walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 31 ya uzito wao, na waliofanyiwa slivu (unaokata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) asilimia 25. Baada ya miaka mitano ilikuwa asilimia 25 na 19 hivi. Angalia vizuri namba hizo za pili. Uzito unarudi kidogo hata kwa waliopasuliwa, na hakuna anayekutajia hilo kwenye video za "kabla na baada". Kwa kisukari matokeo ni mazuri pia: katika utafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, uliowafuatilia wagonjwa wa kisukari kwa miaka mitano, waliofikisha sukari ya kawaida walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 tu kwa waliotibiwa kwa dawa bila upasuaji.

Upande wa wanga, namba ni za kawaida zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwagawa watu 609 mafungu mawili, wengine wapunguze wanga, wengine wapunguze mafuta. Matokeo yakatolewa mwaka 2018: baada ya mwaka mmoja, fungu la wanga lilikuwa limepungua wastani wa kilo 6 na fungu la mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Ila ndani ya kila fungu kulikuwa na waliopungua zaidi ya kilo 25, na wengine waliongezeka. Ndiyo maana jirani yako aliyeacha ugali akapotea mwili hadanganyi, na wewe uliyefanya vilevile ukapungua kilo mbili hudanganyi pia.

Sasa, upasuaji wenyewe unafanya nini? Katika slivu, daktari anaondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula inashuka, si nafasi ya chakula tu. Kilichokatwa hakirudishwi. Baipasi inatengeneza kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Puto, ambalo lilivuma sana hapa nchini baada ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, kuanza kutoa huduma hiyo, si upasuaji. Linaingizwa kwa kupitia mdomoni, linakaa tumboni kwa miezi kadhaa, kisha linatolewa. Likishatolewa, unabaki wewe na tabia zako za mezani.

Jambo linalowashangaza wateja wetu kuliko yote ni hili: ukiamua kupasuliwa, kabla ya siku yenyewe utapunguza wanga vilevile. Hospitali nyingi humwekea mgonjwa wiki mbili hivi za mlo mdogo wenye wanga kidogo. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini mara nyingi limejaa mafuta, limevimba, nalo limefunika mfuko wa chakula. Daktari anayeingiza vifaa kupitia vitundu vidogo lazima alinyanyue ili aone anachokata. Mlo huo unalipunguza ini ndani ya siku chache. Asiyeufuata anahatarisha operesheni yake mwenyewe.

Na ukitoka theatre, mlo unabaki. Kwanza ni vitu vya majimaji, supu ya kuku iliyochujwa ikinywewa kwa kijiko au kwa kikombe cha kahawa, fundo dogo, unapumzika. Baadaye vyakula vilivyosagwa, halafu laini, na kwa kawaida ni baada ya mwezi na nusu au miwili ndipo unarudi kwenye chakula cha kawaida. Hapo unalenga protini gramu 60 hadi 80 kwa siku ukiwa na mfuko usiobeba zaidi ya vijiko vichache, kwa hiyo unaanza na samaki, yai, kuku, maziwa mgando, kisha mboga. Wali na mkate mara nyingi hukaa vibaya. Maji hunywi pamoja na chakula, unasubiri kama nusu saa. Ukiyatazama hayo yote, mtu aliyepasuliwa na mtu aliyeacha wanga wanakula karibu sahani moja. Anayekimbilia kisu ili asihangaike tena na chakula atakuta chakula kinamsubiri wodini.

Kuna mambo mengine ya maisha ya baadaye tunayoyataja hata kama yanakera. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ni za kila siku, maisha yote, na damu inapimwa kila mwaka. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18. Ukipungua haraka, vijiwe kwenye mfuko wa nyongo vinaweza kutokea. Slivu inaweza kuzidisha kiungulia, hivyo mwenye kiungulia kikali amweleze daktari mapema. Na hili ni la hapa kwetu kabisa: baada ya baipasi hutakiwi kutumia diclofenac wala ibuprofen, maana zinaleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Fikiria ni mara ngapi umeumwa mgongo ukaingia duka la dawa la mtaani ukapewa diclofenac bila kuulizwa chochote. Sasa itabidi wewe ndiye umuulize muuzaji.

Wapo wanaokwenda India kupasuliwa, na wengi hurudi salama. Tatizo letu nao ni faili. Mtu anarudi na karatasi ya kurasa mbili, hajui alifanyiwa aina gani, hana tarehe ya kupima damu, na daktari aliyempasua yuko bara jingine. Ukipewa bei, iwe hapa au nje, uliza kama imejumuisha kitanda cha ICU ikihitajika, kliniki za mwaka wa kwanza, na nani atakupokea ukianza kutapika usiku wa manane wiki ya tatu. Wasipokuwa na jibu la swali hilo la mwisho, tafuta kwingine.

Turudi kwenye wanga, maana ndiko wengi wataanzia na wengi wataishia, na si vibaya. Tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, aanze kuwaambia Watanzania hadharani wapunguze kula na wawe macho na sukari, meza nyingi zimebadilika, ila zimebadilika kwa kubahatisha. Mtu anaacha ugali anahamia kwenye viazi vitamu na juisi ya embe. Mlo wa wanga kidogo kwa kawaida ni chini ya gramu 130 za wanga kwa siku, na ule mkali wa keto ni kati ya 20 na 50. Robo kilo ya unga wa sembe, ambayo mwanaume anayefanya kazi ngumu anaimaliza mlo mmoja, ina zaidi ya gramu 180. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 na ushee. Ukishajua hayo, huhitaji programu ya simu kujua pa kuanzia.

Kwa mama lishe tunawafundisha wateja waseme hivi: "Wali nusu, mboga mara mbili, samaki mzima, maharage kidogo." Hakuna anayekushangaa, na bei mara nyingi haibadiliki sana. Nyumbani usipike masufuria mawili, hutaliweza hilo hata mwezi mmoja. Pika kisamvu cha nazi, dagaa au mchuzi wa kuku kwa ajili ya wote, bamia na kabeji ziwe nyingi, watoto wale na ugali wao, wewe ujaze sahani kwa mboga na kitoweo. Ramadhani ndiyo mtihani: futari yetu ni viazi, mihogo, tambi na kaimati, karibu yote wanga. Tunawashauri wachague kimoja tu katika hivyo, waanze na supu.

Wiki ya kwanza utapungua kilo mbili, pengine tatu, na utafurahi. Sehemu kubwa ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji yake, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na akiba hiyo ikiisha maji yanatoka. Wiki ya tatu mzani unasimama, na hapo ndipo watu wanaacha. Tunalitaja hili siku ya kwanza kabisa ili mtu asidhani ameshindwa.

Hatari ya kweli iko kwa wanaotumia dawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide akikata wanga ghafla, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Wanaotumia dawa za kisukari za kundi la empagliflozin au dapagliflozin wanaweza kupata asidi kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye matatizo ya figo wasianze peke yao.

Kwa vitendo, mwenye BMI chini ya 35 asiye na kisukari tunampa miezi sita ya mlo, tukikutana naye na kupima kiuno, siyo mzani tu. Aliye juu ya 35, au ana kisukari kinachomtesa na BMI imefika 30, tunamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji huku akianza mlo siku hiyohiyo, kwa sababu atauhitaji kwa vyovyote vile. Aliyefika 40 na magoti hayamwachi alale, na ameshajaribu mlo zaidi ya mara moja kwa dhati, hatumwambii ajaribu tena kwanza. Kumchelewesha mtu huyo ni kumwonea. Sindano za kupunguza uzito tutaziandikia siku nyingine, ila tafadhali usizinunue kwa mtu wa Instagram.

Ukija kwetu, njoo na maboksi ya dawa zote unazotumia, hata zile za kienyeji, na majibu ya vipimo vya karibuni vya sukari ya miezi mitatu, figo na ini kama unayo. Usije umefunga wala usijibane chakula wiki nzima ili uonekane mzuri kwenye mzani. Na kama unatumia insulini au glibenclamide, endelea kula kama kawaida mpaka tuonane, kwa sababu kipimo cha dawa kinapangwa upya kabla ya kugusa sahani.