Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya Klabu ya Sayansi tunakukaribisha kwa heshima hapa shuleni kwetu, chini ya Mlima Moroto. Vumbi la barabara yetu umekwisha kulionja, kwa hiyo hatutakuchosha kwa majina ya viongozi wote wa klabu. Tuna jambo moja tu, nalo liko nyuma yako: ule mlingoti wenye mapanga matatu, pembeni ya maktaba.

Ni bomba la chuma la mita 6. Tulilisimamisha mwezi Machi mwaka jana, likabeba kinu kidogo cha upepo cha kuchaji simu na kuwasha taa mbili. Umeme wake si wa kujisifia. Bwawa la umeme la Karuma linaweza kutoa megawati 600. Sisi hata pasi hatuwezi kuipasha moto. Kilichotushika ni mtetemo wa mlingoti.

Mheshimiwa, mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwanza kwa kidole. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Wahandisi wa mitambo ya upepo nao hufanya hivyo, ila wao hawana haja ya kugonga, maana upepo unawagongea usiku na mchana. Hubandika vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyohisi mtetemo, kwenye mnara, kwenye mapanga na kwenye giaboksi, kisha husikiliza. Kila mnara una mwendo wake wa kuyumba. Nati zikilegea, chuma kikiingia ufa au msingi ukimomonyoka, ugumu wake hupungua na mnara huyumba polepole zaidi. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, kule Kenya, kuna mitambo 365 ya namna hiyo, kila mmoja wa kilowati 850. Nani atapanda minara 365 kila wiki kushika nati kwa mkono?

Sisi tunatumia simu ya mwalimu wa fizikia. Ndani yake kuna kihisio kilekile kinachogeuza picha unapoilaza simu. Tunaifunga kwenye mlingoti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tunagonga kwa nyundo ya mpira, tunahesabu. Mlingoti ukiwa mzima, huyumba mara 11 kwa sekunde 10. (Akipigiwa simu katikati ya kipimo, siku hiyo mlingoti hupata tetemeko la ajabu.)

Aprili mvua ikanyesha, tukapata mara 10. Tukapiga kelele kwamba kinu kinaanguka. Jumamosi nzima tulichimba kuzunguka kitako, hatukuona kasoro yoyote; udongo ulikuwa umelowa tu, na ulipokauka 11 ikarudi. Shule nzima ilitucheka, na wengine wanatucheka hadi leo.

Januari, ardhi ikiwa kavu kama tofali, tukapata 10 tena, na wiki iliyofuata 9. Safari hii mvua haikuwepo ya kusingiziwa. Nati mbili kati ya nne za kitako zilikuwa zimelegea, moja ikizunguka kwa vidole. Kosa ni letu: fedha zilituishia, tukaacha kuweka nati za pili za kukazia.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini wahandisi hukusanya vipimo vya mtambo mzima kwa majira yote kabla ya kuthubutu kusema unaumwa. Joto, kasi ya upepo na mzunguko wa mapanga, vyote hubadilisha mtetemo bila kitu kuvunjika. Tena wana hofu nyingine ambayo sisi hatuna. Mapanga matatu yakizunguka mara 20 kwa dakika, panga moja hupita mbele ya mnara kila sekunde. Kama mnara nao huyumba mara moja kwa sekunde, kila panga linakuwa mtoto anayesukuma bembea kwa wakati wake, na mnara huzidi kuyumba hadi chuma kichoke. Ndiyo sababu urefu na unene wa mnara hupangwa ili mienendo hiyo miwili isikutane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, twajua Uganda inaishi kwa umeme wa maji. Lakini mtetemo hauchagui: tabo za bwawani, yaani mitambo inayozungushwa na maji, hupimwa hivyo, na madaraja pia. Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Kwanza, vihisio viwili na kompyuta moja, ili mwalimu arudishiwe simu yake. Pili, utuombee nafasi ya kwenda Jinja kuliona daraja la nyaya juu ya Mto Nile lililofunguliwa mwaka 2018, tukiwa na mhandisi wa kutueleza. Tatu, nati nne za kukazia. Hizo hata leo tutazipokea.

Nyundo ya mpira iko mezani mbele yako. Baada ya chakula, tunakuomba uugonge mlingoti mara moja, nasi tutahesabu. Leo asubuhi ilikuwa 11.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi