Wito wa Harambee: Tukirudishie Uhai Kibanda Chekundu cha Simu, Kisha Twende Kusaka Hazina

Ndugu wanajumuiya, wazee wetu, vijana na marafiki wote mnaosoma Kiswahili, popote mlipo,

Assalaam alaikum, Bwana asifiwe, na salamu za heri kwa kila mmoja kwa desturi yake.

Kamati ya jumuiya yetu ya Waswahili hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, inawaomba mchango wa kufikisha pauni 2,850. Fedha hizo zina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kukarabati kibanda chekundu cha simu ambacho jumuiya yetu ilikabidhiwa mwezi Machi, katika kijiji kilicho maili 9 kutoka mjini kwetu. Ya pili ni kuandaa siku ya kusaka hazina kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, ambapo familia zitatembea kutoka kibanda hadi kibanda katika vijiji vya bonde hilo, kabla vichache vilivyobaki havijang'olewa. Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na chuma chakavu cha Waingereza ilhali tuna misiba ya kusafirisha na ada za watoto za kulipa. Swali hilo liliulizwa kikaoni, tena na mzee mwenye kila haki ya kuliuliza, na kwa heshima yake tunalijibu kwa kirefu.

Wengi wa wazee wetu waliofika nchi hii miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wakiisikia sauti ya nyumbani wakiwa wamesimama ndani ya kibanda kama hicho. Kabla ya Aprili 1995 ulianza kwa 010, namba ya kupigia nje ya nchi, ndipo ukafuatisha 255 ya Tanzania au 254 ya Kenya. Baadaye 010 ikawa 00, na wapo waliopoteza sarafu zao wiki nzima kabla hawajaizoea. Ulipiga kwa jirani mwenye simu, mtoto akatumwa mbio kumwita mama, ukakata ili fedha zisiishe, ukangoja dakika kumi huku umeushikilia mlango kwa mguu asije mtu mwingine akaingia, kisha ukapiga tena ukiomba Mungu mama awe amekwisha fika. Mama mmoja wa jumuiya yetu bado ameitunza kadi ya simu ya kijani iliyokwisha uniti zake zote siku aliyopata habari za msiba wa baba yake. Anasema hakumbuki alivyorudi nyumbani siku ile, lakini anakikumbuka kibanda, taa yake na baridi ya mkono wa simu sikioni. Kwa hiyo, chuma hicho ni cha Waingereza, lakini sehemu ya habari zetu imo ndani yake.

Asili yake nayo inafaa kujulikana na watoto wetu, ambao wengi hawajawahi kukiona kibanda chenye simu inayofanya kazi. Mwaka 1924 yalifanyika mashindano ya kubuni kibanda cha simu cha umma, na mshindi akawa Giles Gilbert Scott, msanifu yule yule wa kanisa kuu la Kianglikana la Liverpool. Kibanda chake, kilichopewa jina la K2, kilianza kusimikwa London mwaka 1926. Kuba lake dogo linafanana mno na lile la kaburi la familia lililobuniwa na msanifu John Soane katika uwanja wa kanisa la kale la St Pancras. Sampuli ya kwanza, iliyotengenezwa kwa mbao, bado imesimama kwenye lango la Burlington House, mtaa wa Piccadilly, na anayepita London anaweza kuiona bila kulipa chochote. Jambo la kuchekesha ni kwamba Scott mwenyewe alipendekeza rangi ya fedha. Wekundu uliamuliwa na wenye posta. Kwa kuwa K2 kilikuwa kizito na cha gharama, Scott aliombwa kubuni kingine kidogo zaidi kwa ajili ya jubilei ya mfalme George wa Tano mwaka 1935. Hicho ndicho K6, ambacho kilitapakaa nchi nzima, mijini na vijijini, vikasimikwa takribani 60,000. Kibanda chetu ni K6.

Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza ilikuwa na vibanda vya simu vya umma zaidi ya 90,000, vya kila aina. Simu za mkononi zilipoenea, vilibaki takribani 20,000 tu kufikia mwaka 2022, na mwaka huo mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, iliweka kanuni za kuvilinda takribani 5,000, hasa pale ambapo si mitandao yote minne ya simu za mkononi iliyofika, penye ajali nyingi, au ambapo simu 52 au zaidi zimepigwa ndani ya miezi 12. Kijiji chetu hakikutimiza hata sharti moja. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 kampuni ya simu ya BT imeruhusu halmashauri za vijiji na asasi za hisani kukitwaa kibanda kilichoondolewa simu kwa pauni 1, na vimekwisha kutwaliwa zaidi ya 7,000. Vingine vimekuwa maktaba ndogo za kubadilishana vitabu, vingine maonyesho ya picha. Nasi tulilipa pauni yetu. Ilitolewa na katibu mfukoni mwake na hadi leo hajaidai, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya kamati hii.

Sisi tumeamua kibanda chetu kiendelee na kazi ya kuitwa wakati wa shida. Ndani yake tutaweka mashine ya kushtua moyo. Moyo wa mtu unaposimama ghafla, kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa kwa mashine hupunguza nafasi yake ya kupona kwa kadiri ya asilimia 10, na hapa Uingereza, kati ya watu kumi wanaosimama moyo wakiwa nje ya hospitali, hata mmoja ni shida kupona. Gari la wagonjwa linatoka mjini, na barabara ya bonde lile, kwa wanaoijua wakati wa theluji, haihitaji maelezo. Mashine yenyewe humwelekeza mtumiaji kwa sauti hatua kwa hatua, na haimpigi mgonjwa shoti mpaka ipime na kuona kwamba moyo wake unahitaji, kwa hiyo hata asiyesomea udaktari anaweza kuitumia. Kasha lake linahitaji umeme wa kulipasha joto ili betri isiathiriwe na baridi, na umeme tayari umo kibandani kwa ajili ya taa. Nesi mmoja wa kwetu, anayefanya kazi hospitalini na ndiye aliyeleta wazo hili, alisema kikaoni maneno manne tu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee aliyekuwa ameuliza swali lile alikuwa wa kwanza kutoa.

Mashine pamoja na kasha lake vitagharimu pauni 1,750. Ukarabati utachukua pauni 780, na hapo ndipo penye jasho. Chini kabisa, usawa wa majani, kutu imekula kingo. Vioo kumi na kimoja vimevunjika. Ukanda wa ngozi unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi umekatika, na mlango sasa unabamizwa na upepo. Rangi za zamani zina madini ya risasi, kwa hiyo haziruhusiwi kupigwa msasa mkavu na kurusha vumbi. Zitalainishwa kwa dawa na kukwanguliwa na watu waliovaa barakoa na glovu, bila mtoto yeyote karibu. Baada ya hapo zitafuata rangi ya kuzuia kutu, puti, vioo vipya, na mwisho wekundu wenyewe, namba 539 katika orodha ya rangi za Uingereza. Kijana mmoja alipendekeza tuongeze ufito wa kijani na mweusi. Tulimshukuru. Kibanda kimeorodheshwa kuwa jengo la urithi, na rangi yake si yetu kuichagua.

Pauni 320 zilizobaki ni za siku ya kusaka hazina, itakayofanyika Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Mchezo huu ulianza Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kawaida. Siku iliyofuata mtu mmoja alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni Oregon, akatangaza latitudo na longitudo zake, na ndani ya siku chache waliifikia watu ambao hawakumjua. Sharti lake limebaki lile lile: ukichukua kitu, weka kingine, na uandike jina lako daftarini.

Kwetu mambo yatakuwa hivi. Kila familia au kikundi kitalipa pauni 10 na kupewa namba za mahali kilipo kibanda cha kwanza, ambazo zitaingizwa kwenye simu ya mkononi. Ukifika, hutakuta hazina humo, kwa maana hatutaki mtu apekue kibanda kinachoweza kuwa na mashine ya kuokoa maisha. Utakuta maswali. Je, kila upande wenye kioo una safu nane au sita? Zikiwa nane, hicho ni K6. Zikiwa sita, hicho ni K2 cha London, na umetoka Yorkshire bila kujua. Je, matao ya taji lililo juu ya mlango yamepinda kwa mviringo, au yamebonyea katikati? La mviringo ni la kabla ya Elizabeth wa Pili kutawazwa mwaka 1953. Je, kibao cha chini nyuma kina jina la kiwanda gani cha chuma? Vingi vilitoka Scotland, na mtoto atakayepiga magoti kwenye majani kulitafuta jina hilo atakuwa amejifunza zaidi kuliko kwa kuambiwa. Majibu yatageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zitakupeleka kwenye kisanduku kilichofichwa mahali ambapo mwenye shamba ametupa ruhusa. Ndani yake kuna daftari, zawadi ndogo, na kadi yenye maneno ya mzee mmoja wetu, kwa Kiswahili na Kiingereza, akisimulia simu ya kwanza aliyopiga nyumbani. Visanduku vitafichwa na mweka hazina wetu, ambaye kwa mara ya kwanza atakuwa mweka hazina kweli kweli.

Wanakijiji wamealikwa pia, na shule yao imekubali kutukopesha ukumbi kwa chai na maandazi. Ada za siku hiyo zitawekwa akiba kwa ajili ya betri na pedi za mashine, ambazo lazima zibadilishwe kila baada ya miaka michache hata kama hazijatumika.

Mpaka tunaandika wito huu tumekusanya pauni 640, hivyo zimesalia 2,210. Tunapokea fedha taslimu na ahadi, kubwa na ndogo, kupitia kwa mweka hazina, na kila mtoaji atapewa risiti. Majina yatasomwa siku ya harambee, isipokuwa ya wale watakaopenda wasitajwe. Asiye na fedha anakaribishwa kwa nguvu zake: tunahitaji watu sita wa kukwangua, fundi mmoja aliyezoea vioo, na madereva watatu wa kuwachukua wazee. Fedha hazitatoka bila saini mbili, na hesabu kamili zitabandikwa ukumbini mwezi Septemba. Lengo lisipofikiwa, mashine itanunuliwa kwanza, na rangi itangoja.

Michango itafungwa tarehe 31 Julai. Wazee wanaotaka simulizi zao ziingie kwenye kadi wamwone katibu wiki moja kabla ya hapo, kwa kuwa kadi zote zitachapwa siku moja.

Wenu katika ujenzi wa jumuiya,
Kamati